Alinyonya Mara Moja

Mwaka 1950, katika hospitali moja ya Israeli, mama mmoja mwenye asili ya Yemen alijifungua mtoto wa kike. Akaletewa, akamnyonyesha. Halafu wauguzi wakamchukua mtoto, na waliporudi walirudi mikono mitupu: mtoto, walisema, amekufa.

Mama hakusadiki. Mwanamke aliyetoka kumpakata mtoto mzima, akausikia mdomo wake ukivuta ziwa, hatulizwi kwa sentensi moja ya kitandani. Akamtuma mumewe aende akamdai mtoto wao. Mume akaenda, akadai, na mtoto hakupewa.

Akazaliwa binti mwingine miaka michache baadaye, akakua akilisikia hilo: una dada, alinyonya mara moja, wakasema amekufa, mimi sikukubali. Huyo binti ndiye aliyekuja kutumia miaka 30 ya maisha yake kumtafuta. Magazeti yaliwahi kuwataja wote wawili kwa majina, lakini hapa nitawaita dada mkubwa na dada mdogo, maana kisa chao ni cha wengi. Na ili kieleweke lazima kwanza twende Yemen.

Wayahudi waliishi Yemen zaidi ya miaka 1,500, tangu kabla ya Uislamu kufika huko. Walikuwa Sana'a, walikuwa katika mamia ya vijiji vya milimani, na wengi wao walishika ufundi wa mikono. Fedha ya Yemen, ile ya vikuku, mikufu na ala za majambia, kwa sehemu kubwa ilipita mikononi mwa masonara wa Kiyahudi. Walilipa kodi ya jizya, wakaachiwa dini yao na mahakama zao za ndani. Lakini kulikuwa na amri moja waliyoiogopa kuliko kodi. Mtoto wa Kiyahudi akifiwa na baba kabla ya kubaleghe, serikali ya imamu ilikuwa na haki ya kumchukua, ikamsilimisha na kumlea Kiislamu. Imamu Yahya aliifufua amri hiyo katika miaka ya 1920. Watu wakajua la kufanya: yatima alifichwa kwa jamaa wa kijiji cha mbali, akavushwa usiku mpaka mji mwingine, au akaozwa mapema, kwa kuwa aliyeoa au kuolewa hahesabiwi tena kuwa mtoto. Hao ndio wazazi wa kisa chetu. Walikuwa na vizazi kadhaa vya mazoea ya kumficha mtoto asichukuliwe na wakubwa.

Februari 1948 Imamu Yahya aliuawa. Mwanawe Ahmad alipokwisha kuutwaa utawala, akawaruhusu Wayahudi waondoke. Wakaanza kushuka kutoka milimani kuelekea Aden, iliyokuwa chini ya Waingereza, bandari ambayo wenyeji wa Mombasa na Unguja waliijua vyema kwa majahazi ya kaskazi. Wengi walikwenda kwa miguu au kwa punda, wakilipa ushuru wa kichwa kila walipokatiza ardhi ya sultani mwingine. Nje ya Aden ilifunguliwa kambi iliyoitwa Hashed. Walifika humo wakiwa wamekonda, wana malaria, wana macho mabovu. Kutoka pale ndege za kukodi za Kimarekani ziliwabeba hadi Israeli, kati ya mwisho wa 1948 na Septemba 1950, watu wapatao 49,000. Waisraeli waliuita msafara huo mabawa ya tai, jina lililotoka katika kitabu cha Kutoka. Abiria wengi walikuwa hawajawahi hata kuiona ndege ikiwa chini. Vitabu vya sala na mapambo ya fedha waliambiwa waviache, vitafuata. Vingi havikufuata, na mpaka leo ukoo mmoja na mwingine wana hesabu ya walichopoteza. Naitaja hasara hiyo kwa sababu walioipata walikuja kuiona ndogo.

Israeli waliyoikuta ilikuwa nchi ya mwaka mmoja tu, imetoka vitani. Kati ya Mei 1948 na mwisho wa 1951 iliingiza wahamiaji karibu 690,000, zaidi ya idadi ya Wayahudi waliokuwapo siku ya kutangazwa kwake. Chakula kilitolewa kwa kadi za mgao. Watu wa Yemen waliwekwa makambini: Rosh HaAyin, Ein Shemer, Atlit, Beit Lid. Maisha yalikuwa ya mahema. Majira ya baridi ya 1950 theluji ilianguka hata Tel Aviv, mji wa pwani ambako theluji ni kitu cha kusimuliwa.

Sasa basi, watoto wachanga hawakulala na mama zao ndani ya mahema hayo. Wasimamizi waliamua kwamba hema si mahali pa kitoto, wakawakusanya katika jengo la mawe au la mabati lililoitwa nyumba ya watoto. Vitanda vidogo safu kwa safu, wauguzi wenye nguo nyeupe, na saa maalumu za kunyonyesha. Saa ikifika mama anatoka hemani, anaingia, ananyonyesha, anaondoka. Kwa macho ya daktari ulikuwa mpango wa busara, na sitaki kuufanyia kejeli: vifo vya watoto makambini vilikuwa vingi, na wapo waliopona kwa sababu ya nyumba zile. Lakini fikiria upande wa yule mama. Kiebrania chake ni cha sala, hakifanani na wanachozungumza wauguzi. Anaingia saa kumi alfajiri, anakuta kitanda kitupu. Anauliza. Anaambiwa mtoto aliugua usiku, amepelekwa hospitali na gari la wagonjwa. Hospitali gani? Haifa, au Tel Aviv, au Jerusalem. Anaomba kwenda, hana nauli, hana kibali, hajui njia. Baada ya siku mbili tatu inatangazwa kwa kipaza sauti, au anaambiwa mlangoni, kwamba mtoto amefariki na amekwisha kuzikwa. Kaburi halionyeshwi. Cheti cha kifo hakuna, au kinakuja miaka mingi baadaye kikiwa na jina lililokosewa.

Majina yenyewe yalikuwa kitanzi. Mtu wa Yemen alijulikana kwa jina lake, la baba na la babu, kama tunavyojulikana sisi: Yosef bin Salem bin Yahya. Karani alitaka jina la ukoo, akaandika alivyosikia. Katika kambi moja wakawapo akina Yosef bin Salem kadhaa. Wasichana waliopewa Yemen majina kama Saida au Hamama waliandikiwa majina ya Kiebrania ambayo mama zao hawakuyajua. Mtoto wa miezi sita akishapandishwa gari bila karatasi, au karatasi ikidondoka njiani, akipona hospitalini hakuna awezaye kusema ni wa nani. Na hapo ndipo pana lile ambalo kwangu ni zito kuliko nadharia zote za njama ya kuiba watoto. Wauguzi kadhaa waliotoa ushahidi baadaye waliwaeleza wazazi hawa kama watu wenye watoto wengi kupita kiasi, wasiojua usafi, ambao kufiwa na mmoja hakuwaumizi sana. Mtu mwenye imani hiyo hahitaji kupewa amri na yeyote. Hatamtafuta mama. Ataona amemtendea mtoto hisani akipata nyumba yenye maji ya bomba na wazazi wasio na mtoto.

Wapo waliokuwa na hamu ya mtoto. Wayahudi wa Ujerumani waliokimbia utawala wa Hitler katika miaka ya 1930 walikuwa wamekwisha kukaa nchini, na baada ya vita walifika walionusurika makambi ya mauti, wengine wakiwa wamepoteza watoto, wengine hawawezi tena kuzaa. Dada mkubwa aliasiliwa na mume na mke Wayahudi wenye asili ya Ujerumani, papo hapo Israeli. Ulikuwa ulimwengu mwingine kabisa. Waisraeli huwaita watu hao Yekke na kuwatania kwa kushika saa, kwa kuvaa koti wakati wa joto, kwa kuheshimiana Kijerumani hata ugomvini. Wazazi wake hawakumficha. Tangu akiwa mdogo walimwambia kwamba wao hawakumzaa. Si wote waliotendewa hivyo. Wengine walikuja kujua kwa maneno ya jirani, kwa kukuta karatasi kwenye droo ya kabati baada ya mazishi, au kwa kujitazama tu kwenye kioo wakijiona weusi kuliko kila mtu mezani.

Jambo lenyewe lilifumuka mwaka 1966, kwa njia ambayo hata mtunzi wa riwaya angeona haya kuibuni. Jeshi la Israeli huwaita vijana wakifikia umri wa miaka 18. Familia za Yemen zikaanza kupokea barua za kuwaita jeshini wale wale watoto walioambiwa wamekufa mwaka 1949 na 1950. Kwa serikali hii mtoto amezikwa. Kwa serikali hii hii ajitayarishe kuvaa sare. Wakubwa wakaeleza kwamba rejesta ya wakazi haikusafishwa tu, vifo havikuandikwa. Inawezekana. Lakini mzazi aliyeishika barua ile mkononi alikuwa na swali moja, na halikuwa la rejesta.

Tume ya kwanza ya uchunguzi ikaundwa 1967, ya pili 1988. Zote zikasema watoto walio wengi walikufa kwa maradhi. Mwaka 1994 Rabi Uzi Meshulam na wafuasi wake walijifungia kwa silaha katika nyumba moja ya mji wa Yehud wakidai tume yenye nguvu za kimahakama. Polisi wakaizingira kwa wiki kadhaa, mfuasi mmoja kijana akauawa kwa risasi, na Meshulam akaenda jela. Njia yake wengi hawakuipenda. Hata hivyo tume aliyoidai iliundwa mwaka uliofuata. Iliitwa tume ya Kedmi, ikafanya kazi hadi 2001. Ilichunguza habari za watoto zaidi ya 1,000, theluthi mbili hivi wa Yemen na waliobaki wa Iraki, nchi za Maghribi na hata Balkani. Ikahitimisha kwamba 972 walikufa, watano walipatikana hai, na 56 hawajulikani walikoishia. Njama ya serikali ikaikataa. Ikakubali kwamba huenda wafanyakazi wa ustawi wa jamii, mmoja hapa na mwingine pale, waliwagawa watoto kwa uamuzi wao wenyewe. Kisha faili zikafungwa zisionwe mpaka 2071. Kama hakuna la kuficha, kwa nini usubiriwe mwaka ambao kila mama na kila baba atakuwa kaburini? Shinikizo likazidi, na mwisho wa 2016 karatasi kiasi cha 200,000 zikafunguliwa.

Tume ikiwa bado inakaa, Agosti 1997 kulitokea mkutano ulioisimamisha nchi. Mwanamke wa miaka 49, aliyelelewa Israeli na wazazi waliomwasili na wakati huo akikaa California, alirudi kutafuta alikotoka. Miongoni mwa wazee waliofika kumwona alikuwapo mama wa Kiyemeni aliyepoteza binti kambini. Waliokuwapo walisema huhitaji maabara: paji, macho, namna ya kucheka. Maabara ikahusishwa hata hivyo. Mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Kiebrania akapima damu zao, akatangaza kwamba ni mama na mwana, kwa uhakika wa zaidi ya asilimia 99. Televisheni zikaonyesha vilio na vigelegele. Mama alimpa binti miaka 48 ya mapenzi kwa siku chache.

Halafu kikaja kipimo kingine, cha upande wa serikali, na jibu lake likawa kinyume: si mtoto wake.

Nimekisoma kisa hicho mara nyingi na kila mara ninashindwa kwendelea haraka. Waliokuwa upande wa familia waliona hila. Waliokuwa upande wa serikali walisema kipimo cha kwanza kilikuwa na kasoro. Mimi si mtu wa maabara. Ninachokiona ni wanawake wawili, mmoja hana mtoto na mwingine hana mama, wamekwisha kukumbatiana, wamekwisha kuitana, halafu karatasi inaletwa iwaachanishe. Kwa yule mama ilikuwa mara ya pili watu wa afya kumwambia kwamba binti yake hayupo.

Baadaye yalikuja mambo mengine. Shirika la Amram lilikusanya ushahidi wa mamia ya familia, ukarekodiwa kwa sauti za wazee wenyewe. Mwaka 2018 bunge lilipitisha sheria ya kuruhusu makaburi yanayodaiwa kuwa ya watoto wale yafukuliwe, mifupa ipimwe. Februari 2021 serikali ya Israeli ilieleza masikitiko yake, neno lililochaguliwa kwa uangalifu badala ya kuomba radhi, ikatenga shekeli milioni 162 za fidia: 150,000 kwa familia ambayo haikuarifiwa kifo cha mtoto kwa wakati au haikujua alikozikwa, 200,000 kwa ile ambayo mtoto wake hajulikani alipo. Familia nyingi zilikasirika. Walikuwa wameuliza mtoto yuko wapi, wanajibiwa kwa bei, na kati ya masharti ya kuipokea mojawapo ni kutoidai tena serikali.

Turudi nyuma miaka minne. Dada mdogo alikuwa amemtafuta dada yake kwa njia zote za kawaida, na njia za kawaida zote huishia dirishani kwa karani. Sheria inampa aliyeasiliwa, akifikisha miaka 18, haki ya kuomba aone faili lake; ndugu anayemtafuta aliyeasiliwa haipati kirahisi hivyo. Zaidi ya hayo, dada mkubwa kwa mujibu wa hospitali alikuwa maiti, na maiti haasiliwi. Hakukuwa na faili la kuombwa.

Mwaka 2017 akajaribu njia isiyopita dirishani. Kampuni ya Israeli ya kutafuta nasaba inapokea mate ya watu wa dunia nzima. Unapewa kijiti chenye pamba, unakisugua ndani ya shavu nusu dakika hivi, unakitumbukiza kwenye kichupa chenye dawa, unakipeleka posta. Basi. Hakuna atakayekuuliza mtoto alikufa lini. Kwenye maabara mate yako yanalinganishwa na ya kila mtu aliyekwisha kutuma. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja hushirikiana takriban nusu ya vinasaba vyao. Wa upande mmoja robo. Watoto wa ndugu wawili, thumuni. Hesabu hiyo haijui kambi, haijui nesi, haina rejesta ya kurekebishwa. Ila ina sharti moja gumu: unayemtafuta lazima naye awe amesugua shavu lake. Kwa miaka yote mdogo alidhani anamtafuta mtu asiyejua kwamba anatafutwa, kumbe sehemu nyingine ya nchi ile ndogo mwanamke aliyelelewa na Wajerumani alikuwa naye ameweka mate yake kichupani, akiuliza swali lile lile kwa upande wake.

Miezi michache ikapita, simu ikalia. Amepatikana.

Januari 2018 wakaonana, mmoja ana miaka 62 hivi, mwingine anakaribia 70. Mambo ya kuulizana hayawezi kwisha siku moja: chakula cha nyumbani, magonjwa ya ukoo, nani alifanana na nani. Dada mkubwa alikuwa na maisha kamili nyuma yake, wazazi waliomlea, jina walilompa. Hakuja kuyatupa. Alikuja kupata nusu iliyokuwa imekosekana.

Mama yao hakuwapo. Alikuwa amekwisha kufariki, akiwa amesema tangu mwanzo mpaka mwisho kwamba mtoto wake hakufa. Kwa hiyo habari ile ya hospitalini ilibaki kwa mdogo kuifikisha kwa mwenyewe: kwamba alipozaliwa hakutupwa, kwamba baba yake alikwenda kumdai, na kwamba kabla ya kuchukuliwa aliletwa kwa mama yake, akanyonya.